Shajara ya mradi: nani yumo kwenye waifai yetu?

Ijumaa, 4 Julai, saa 5 usiku

Sauti yangu imekatika mara tatu kwenye kikao cha kazini jioni hii. Mara ya tatu mteja akaniuliza kama naongea nikiwa ndani ya pipa. Nimeona aibu, maana mimi ndiye niliyemshawishi mke wangu tufunge faiba tuachane na kuungaunga bando za simu, na hoja yangu ilikuwa hiyohiyo: haitakatika.

Kifurushi chetu ni megabiti 20 kwa sekunde za kupakua na 5 za kupakia. Asubuhi nikipima napata 20 karibu zote. Ikifika saa 2 usiku mambo yanaanza kujikongoja, na yanajikongoja hivyo mpaka saa 5. Hali hii ilianza mwezi wa nne. Kabla ya hapo hatukuwa na tatizo.

Nyumba ni ile ya zamani ya Magomeni: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na majirani wako karibu kiasi kwamba ukipiga chafya upande huu unaombewa afya upande wa pili. Tunaishi watano: mimi, mke wangu, mabinti wawili, na mama, ambaye yumo edani tangu baba alipofariki katikati ya Ramadhani.

Shemeji alipita jioni kuleta samaki. Alisikiliza malalamiko yangu akatoa hukumu palepale akiwa bado amesimama mlangoni: "Mnanyonywa nyie. Kuna mtu amejiunga humo." Sikuwa na la kumjibu. Nywila yetu ni jina la binti mkubwa na mwaka aliozaliwa, na mtaa mzima unavijua vyote viwili.

Nimefungua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimeandika mambo matatu: nijue kila kifaa kilichomo, nijue kipi ni kigeni, kasi irudi. Nadhani la pili likijibiwa la tatu litajijibu lenyewe.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeingia ndani ya ruta. Ukiwa kwenye waifai ya nyumbani unafungua kivinjari na kuandika 192.168.1.1, ruta nyingine hutumia 192.168.0.1 au 192.168.100.1, na kibandiko cha chini ya ruta kinakuambia ipi ni yako. Hapo inaulizwa nywila ya msimamizi, ambayo si ile ya waifai. Yetu ilikuwa bado ya kiwandani, imechapwa kwenye kibandiko hichohicho. Kwa hiyo mgeni yeyote aliyewahi kuinama sebuleni kuchomeka chaja angeweza kuwa msimamizi wa intaneti ya nyumba hii. Nimeibadilisha kabla ya kugusa kitu kingine.

Kabla sijafungua orodha ya vifaa niliwaita wote ukumbini tukahesabu kwa vidole. Simu nne (yangu, ya mke wangu, ya binti mkubwa, ya mama), laptopu ya kazi, runinga, king'amuzi, printa, na tableti ya binti mdogo. Tisa. Mke wangu akasema tuweke kumi kwa usalama.

Orodha ya ruta ina 19.

Nilikaa nikiitazama kama mtu aliyehesabu watoto wake akakuta wamezidi. Shemeji nilipomtumia picha alijibu kwa neno moja: "Polisi."

Kila mstari una vitu vitatu vya maana. Kuna jina ambalo kifaa kimejitaja, na hilo halina thamani kubwa, kwa sababu kifaa kinaweza kujiita chochote au kukaa kimya. Kati ya 19, saba hazikuwa na jina kabisa. Kuna anwani ya IP, ile ya 192.168.1 na namba yake ya mwisho, ambayo ruta yenyewe ndiyo huigawa na kuiazima kwa muda, kwetu saa 24. Halafu kuna anwani ya MAC, alama 12 zinazotumia tarakimu na herufi A hadi F. Hii ndiyo ya kushika. Alama 6 za mwanzo hutolewa na taasisi ya wahandisi ya IEEE kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo ukizitafuta unaweza kujua kifaa kimetoka kiwanda gani.

Au ndivyo nilivyodhani. Mstari mmoja ulinionyesha Hon Hai, jina ambalo halipo kwenye kitu chochote humu ndani. Nilishalizungushia duara jekundu. Baada ya nusu saa nikagundua ni laptopu yangu mwenyewe: anwani inamtaja aliyeunda kile kipande cha waifai kilichomo ndani, si aliyebandika jina lake juu ya mfuniko.

Njia iliyofanya kazi ni ya kizamani. Zima waifai ya kifaa kimoja, subiri dakika moja, pakia orodha upya, tazama nani kapotea, andika. Zile tisa zetu zimepatikana zote kabla ya magharibi. Zimebaki kumi.

Jumapili, 6 Julai

Kumi zimekuwa sita, na hakuna aliyefukuzwa.

Ruta yetu inatoa majina mawili ya waifai, la gigahezi 2.4 na la gigahezi 5. Simu za siku hizi hazitoi anwani yao halisi ya MAC. Tangu Android 10, na kwa iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia anwani ya bandia kwa kila jina la waifai inalojiunga nalo, ili isifuatiliwe kutoka mahali hadi mahali. Simu moja ikihama kutoka jina la kwanza kwenda la pili inaingia kwenye orodha kama mtu mwingine, na ule mstari wa zamani unabaki hapo mpaka muda wa kuazima uishe. Simu nne, vivuli vinne.

Anwani ya bandia ina alama yake, na mtu akiijua hasahau. Tazama alama ya pili kutoka kushoto. Ikiwa ni 2, 6, A au E, hiyo imetungwa, usihangaike kutafuta kiwanda. Nimeiandika kwa kalamu nene ndani ya jalada la daftari.

Mbili kati ya sita zinaanza na "ESP_". Jina hilo lina sura ya kijasusi hasa. Ni taa. Zile balbu mbili nilizonunua Kariakoo, za kubadilisha rangi kwa simu, ambazo mabinti walizichezea wiki moja wakazisahau. Moja ni simu yenye kioo kilichopasuka ambayo binti mdogo huisikilizia hadithi kitandani. Nilijua imekufa, kumbe wamefufua wenyewe. Moja ni kamera ya mlangoni, tuliyoiweka baada ya msiba, wakati watu wengi walikuwa wanaingia na kutoka na mke wangu akapata wasiwasi. Hiyo nimeiwekea alama ya vema nikaendelea.

Ya tano nimecheka peke yangu. Ni simu ya shemeji. Ilijiunga yenyewe tena jana alipofuata sufuria lake la samaki, na jina lake kamili liko hapo kwenye orodha.

Imebaki moja. Haina jina. Anwani si ya kubuniwa. Mchana haipo, jana ilitokea saa 2 na nusu usiku na kuondoka karibu saa 5, wakati uleule tunaoteseka. Nguvu ya mawimbi yake ni -78 dBm. Kipimo hiki huandikwa kwa hasi, na kadiri kinavyokaribia sifuri ndivyo kifaa kilivyo karibu: simu yangu nikiiweka juu ya ruta inasoma kama -30, nikiwa chumbani -55. Kwa -78 mtu yuko mbali, au yuko nyuma ya kuta kadhaa.

Neno kuhusu kumbukumbu za ruta, kwa atakayejaribu: yetu huandika saa za Greenwich. Ilisema mgeni aliingia 17:30. Ukiongeza saa tatu unapata 20:30, ndipo uigeuze kuwa saa 2 na nusu usiku ya kwetu. Na umeme ukikatika kumbukumbu zote zinafutika, ruta inaamka ikidai ni Januari 1970.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Sikukuu, wote tuko nyumbani. Leo nimefanya jaribio lenyewe.

Swali la kwanza: je, kifaa hicho kimo ndani ya nyumba yetu? Ruta nimeiwekea betri yake ndogo ya volti 12, ya kukatika kwa umeme. Saa 3 usiku, mgeni akiwa hewani, nilizima swichi kuu ya nyumba nzima. Runinga, king'amuzi, printa, taa na kamera vilitoka kwenye orodha kimoja baada ya kingine. Zilibaki simu, laptopu, tableti, na yule mgeni wa -78. Anakula umeme wa kwingine.

Swali la pili: yuko upande gani? Ukiichomoa faiba, ruta haina intaneti, lakini waifai bado inarushwa na vifaa bado vimeishika, angalau kwa muda. Kwa hiyo ruta inaweza kutembea. Nikaichomoa, nikaibeba na betri yake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa paka, laptopu mkono wa pili, tochi mdomoni. Mlango wa mbele, upande wa barabarani: -84, kisha akapotea. Nikarudi, nikangoja akajiunga tena. Ukumbini: -76. Uani, karibu na karo: -61.

Nilikuwa bado nasoma hiyo -61 nikasikia sauti ng'ambo ya ukuta.

"Khee! Imeganda tena! Na hapa ndipo anataka kumwambia!"

Ni bibi wa mwembeni. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, jirani yetu tangu kabla sijazaliwa, na tamthilia yake ya Kituruki ilikuwa imesimama kwa sababu mimi nimeshika intaneti yake kwapani.

Mama akatokea mlango wa uani na kanga yake, ananimulika. "Baba, nyumba nzima mmeizima, umebeba nini?"

Nikamweleza. Orodha, mgeni, mawimbi, ukuta. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama anavyowasikiliza watu wanaokuja kumpa pole.

"Sasa si ungeniuliza," akasema. "Si mdogo wako ndiye aliyemuunganishia. Wakati wa msiba. Wageni wa Tanga walilala wapi?"

Walilala kwa bibi wa mwembeni. Wanawake kumi na mmoja, vyumba viwili, siku saba, akiwafuturisha na kuwaamsha daku. Usiku walitaka kutazama tarawehe za Makka moja kwa moja, na mdogo wangu akaiunga runinga ya bibi kwenye waifai yetu. Mama alijua tangu siku ile. Bibi huja kumtazama edani kila siku baada ya alasiri, na wanasimuliana tamthilia hiyohiyo.

Nimerudisha ruta mahali pake. Umeme nimewasha. Mgeni akarudi hewani baada ya dakika mbili, na ng'ambo ya ukuta kukawa kimya.

Jumatano, 9 Julai

Mdogo wangu amekiri kwa simu, tena kwa fahari: "Si ulisema wageni wahudumiwe?" Nilisema.

Nimemwuliza alimpa nani mwingine. Alipiga picha ile QR ya waifai kwenye simu ya binti mkubwa na kuiweka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, ili wanaofika wasiwe wanaulizauliza. Kundi lina watu 64. Ile QR si fumbo. Ukiisoma kwa programu ya kawaida unakuta maandishi matupu: aina ya ulinzi, jina la waifai, na nywila yenyewe, wazi kama anwani kwenye bahasha. Picha ikishatumwa ni nywila imetumwa.

Shemeji bado alikuwa kwenye habari za polisi, hajapata taarifa mpya. Ni kweli Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalifanya kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini, lakini bibi idhini anayo, kapewa na ndugu wa damu wa mwenye ruta mbele ya mashahidi kumi na mmoja waliokuwa wamefunga. Nilipomwambia mwizi ni nani alinyamaza, kisha akauliza kama bado anatengeneza zile kalimati.

Hata hivyo siwezi kuacha mambo yalivyo, na sababu si ubahili. Vifaa vyote vya humu vikitoka nje vinatumia anwani moja, ile ambayo kampuni imeipa laini yenye jina langu. Mtu yeyote kati ya wale 64 akikaa barazani kwangu na kufanya upuuzi mtandaoni, anayeonekana ni mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya kufungua na kufunga. Nimeandika mambo kwa haraka, mengi hayana hadithi.

WPS nimeizima. Ni ile njia ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kuingiza namba ya siri ya tarakimu 8. Mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa nusu mbili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikishia tu, hivyo mtu hana haja ya kujaribu mamilioni. Majaribio 11,000 yanatosha. Yetu ilikuwa imewashwa tangu fundi alipoifunga.

Ulinzi wa waifai nimeuweka WPA2 (aina ya zamani) na WPA3 (aina mpya) kwa pamoja. Nilijaribu WPA3 peke yake, simu ya mama ikakataa katakata, na ile iliyopasuka pia.

Kuficha jina la waifai sikufanya. Kuruhusu anwani za MAC zilizoandikishwa tu sikufanya pia. Vyote viwili vinamsumbua mwenye nyumba kuliko mwizi, kwani jina lililofichwa bado linasikika hewani kifaa kinapojiunga, na anwani ya MAC, kama tulivyoona Jumapili, inatungwa.

Nywila mpya ni maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, mfano wa "kobe-ngazi-jioni-bizari" (si hiyo, msijisumbue). Binti mdogo ndiye aliyechagua, kwa kufumba macho na kuweka kidole kwenye kamusi. Simu zimeingia dakika kumi. Printa imechukua saa moja. Balbu zimekula mchana wote: zinajua gigahezi 2.4 tu, na simu inayoziandikisha nayo lazima iwe kwenye jina hilo wakati huo, jambo ambalo programu yake haikuambii, inakuambia tu "imeshindikana" kwa lugha nne.

Bibi wa mwembeni sijampa nywila bado. Nimeamua kungoja siku mbili kwa ajili ya kipimo. Akiwa nje, kasi irudi, nipate jibu kwa takwimu. Mama hakufurahi. Nimemwambia ni sayansi. Akasema sayansi gani inamnyima mzee tamthilia.

Jumapili, 13 Julai, usiku

Vifaa 13, vyote vyetu, vyote kwa majina. Hakuna mgeni hata mmoja.

Saa 2 na dakika 40, kikao na mteja yuleyule. Nimekatika mara nne.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekaa na hesabu ambayo ningepaswa kukaa nayo siku ya kwanza. Wiki iliyopita, kabla ya kumtoa, niliandika matumizi ya runinga ya bibi kama ruta ilivyoyahesabu: gigabaiti 1.2 kwa saa hivi. Hiyo ni chini ya megabiti 3 kwa sekunde. Katika 20 za kupakua, ni sehemu ya saba. Bibi hakuwa na uwezo wa kutuangusha hata angetaka. Tena runinga inapakua, haipakii karibu chochote, na sauti yangu inayokatika ni ile inayokwenda, si inayokuja. Mteja namsikia vizuri siku zote. Yeye ndiye hanisikii. Siku kumi nzima hilo lilikuwa mbele ya macho yangu.

Kipimo cha leo, saa 3 usiku, kwenye laptopu. Nimetuma ping, ujumbe mfupi wa kupima muda wa kwenda na kurudi, kwa ruta: milisekunde 3, imetulia. Kwa hiyo waifai ni nzima, haina kosa. Nimetuma ping nje, kwa 8.8.8.8, anwani ya Google: mchana ilikuwa 40 na kitu, sasa 600, 750, 900. Kati ya ruta na dunia pana foleni. Nikafungua ukurasa wa matumizi ya kila kifaa, safari hii nikapanga kwa upakiaji.

Wa kwanza kwenye orodha: kamera ya mlangoni. Megabiti 3 kwa sekunde, mfululizo.

Nimetoka nje kutazama. Mbele ya nyumba yetu, hatua sita kutoka mlangoni, kuna kijana wa chipsi. Anawasha moto baada ya magharibi, wateja wanajaa kuanzia saa 2, anafunga saa 5. Kamera imewekwa irekodi kila inapoona mtu anatikisika na kuituma picha huko inakohifadhiwa nje ya nchi. Kila anayeagiza zege, kila anayengoja, kila anayerudi kuongeza kachumbari, kwa kamera hilo ni tukio. Katika 5 za kupakia inachukua 3. Kikao changu cha video kinataka 2, wakati mwingine na zaidi. Simu mojawapo ikianza kutuma picha zake kuhifadhiwa, basi tena. Na njia ya kwenda ikijaa, hata ya kuja inachelewa, kwa kuwa kila kinachopakuliwa kinahitaji kurudisha ujumbe kwamba kimefika.

Kamera na runinga ya bibi viliingia nyumbani wiki moja, baada ya msiba. Kimoja nilikizungushia duara jekundu, kingine niliweka vema.

Jumatano, 16 Julai

Kamera sasa inarekodi kwenye kadi yake ya ndani, na inatuma nje pale tu mtu anapogusa eneo la mlango. Eneo la kijana wa chipsi nimelikata kwenye picha kwa kidole. Ubora nimeushusha hatua moja. Sura ya mtu bado inaonekana, na nyota za bizari kwenye chipsi hatuzihitaji.

Saa 3 usiku: ping ya nje 44, 47, 43, 51. Nimempigia mteja bila sababu ya msingi. Ameniuliza kama nimehama.

Nimetengeneza waifai ya wageni, jina lake "Mwembeni". Ina nywila yake, inakwenda nje tu, haiioni printa wala laptopu ya kazi, na nimeipa kikomo cha megabiti 5 za kupakua. Kwa tamthilia zinatosha na kubaki. Wageni wa ukoo nao watapewa hiyo, na baada ya kila shughuli nitaibadilisha bila kugusa balbu.

Ijumaa, 18 Julai

Mama ametoka eda jana. Leo baada ya alasiri amevaa, amejifukiza, akasema safari yake ya kwanza ni ya hatua ishirini, nimpe "ile karatasi". Nilikuwa nimechapa QR ya Mwembeni kubwa kabisa, kwa printa ileile ya saa moja. Niliandamana naye kuiunga runinga na kuomba radhi. Nilisema kulikuwa na matengenezo. Bibi alisema anajua, mama yangu alishamweleza matengenezo yenyewe, akauliza kama nimepata faida yoyote kwa kuzunguka na ruta gizani. Nimekula kalimati sita.

Hali ya saa 3 usiku: vifaa 14, vya nyumbani 13 na runinga moja ya Mwembeni yenye -78. Nikafunga laptopu. Nikaifungua tena kabla ya kulala, mazoea tu, nikakuta 15. Wa mwisho yuko Mwembeni, hana jina, alama ya pili ya anwani yake ni A.

Nimemgongea mama. Akajibu kutoka kitandani kwamba ni mjukuu wa bibi, amekuja likizo kutoka Morogoro, na yeye ndiye aliyemruhusu.